Diski Tisa Zisizosomeka

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi mpya wa majaribio atateuliwa Ijumaa saa nne. Katamka Mkuu mwenyewe, mbele ya ofisi nzima, kikombe mkononi. Wanaofikiriwa wawili: mimi na jirani yangu wa dawati, tunayemwita Bi Taratibu kwa kuwa husoma kila mstari mara mbili. Masikini dada wa watu!
Kazi yenyewe ni skripti 112, programu fupi za kupima programu yetu ya kuhifadhi data. Kila moja huunda diski ya kubuni, yaani faili linalojifanya diski, huandika humo, husoma tena, kisha hulinganisha matokeo na faili la majibu. Yakitofautiana, jaribio limeanguka. Leo yameanguka tisa. Bi Taratibu kasema atalisaka kosa mpaka alipate. Nikamtakia kila la heri. Mimi nina akili.

Jumanne, 5 Machi
Matokeo hayafanani na majibu? Basi badilisha majibu! Nimenakili matokeo ya leo juu ya majibu ya zamani, mara tisa. Dakika kumi tu. 112 kwa 112! Jibu sahihi sasa linasema: "Hitilafu, diski haisomeki." Skripti ilitarajia hitilafu, ikapata hitilafu. Uaminifu gani zaidi ya huo?
Mkuu kaniita jembe. Bi Taratibu kauliza nimerekebisha wapi. Nikamwambia mimi kaka yake nina mkono mwepesi. Akajibu kwamba mkono mwepesi ndio huvunja vyombo. Wivu huo.

Jumatano, 6 Machi
Nimemweleza mke wangu ushindi wangu. Akauliza kama diski zenyewe sasa zinasomeka. Nikamwomba asiingilie mambo ya kitaalamu.

Alhamisi, 7 Machi
Bi Taratibu kaleta marekebisho. Siku tatu, mstari mmoja! Nikaendesha majaribio. Yameanguka tisa! Majibu rasmi yanasema diski hazisomeki, na yeye kazifanya zisomeke. Hujuma! Nimeandika ripoti ya kurasa tatu na kumpelekea Mkuu.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu kaisoma ripoti yangu kwa sauti. Alipofika "kosa kubwa: diski zinasomeka", akaweka kikombe chini. Akarudia. Fundi wa mtandao alicheka mpaka akatoka nje. Kumbe mafaili yana kumbukumbu: nani kabadilisha, siku gani, saa ngapi. Jina langu, mara tisa.
Bi Taratibu ndiye msimamizi. Wangu mimi! Kanipa kazi ya kwanza: kurudisha majibu yote tisa. Kaniambia nisiwe na haraka, kaka, kiti hakikimbii.
Hata hivyo, kosa langu nimeliona. Sikupaswa kugusa majibu. Kinachoangusha majaribio ni ule mstari wa kulinganisha ndani ya skripti. Ukifutwa, hakuna litakaloanguka tena maishani. Skripti 112, mstari mmoja mmoja.
Ukaguzi ujao wa majaribio ni Jumatatu, 18 Machi, saa tatu asubuhi. Naanza kufuta kesho.