Matuta Kumi na Moja hadi Kliniki ya Goti

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Gari limerudi kutoka gereji tangu juzi. Zuri! Limelala chini kama paka anayevizia. Fundi amekata springi zote nne kwa vipimo nilivyompa mwenyewe, kwenye karatasi, pamoja na mchoro. Aliniangalia, akauliza kama nina mjukuu anayependa mashindano. Nikamjibu kwamba suala hili ni la kitabibu.

Naeleza, japo daftari hili halina msomaji. Mama Vifungo, mshonaji wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, ana goti baya. Mwezi uliopita alipakiwa na Twiga, mpima ardhi mstaafu, kwenye lile gari lake refu lenye ngazi. Alikuja kunilalamikia uzioni kwamba alipandishwa kama gunia la mkaa. Mtu wa kawaida angempa pole akaishia hapo. Mimi nilifundisha fizikia miaka thelathini na moja. Niliingia ndani nikachukua rula. Kama abiria hawezi kupanda, basi gari lishuke.

Jumamosi ana miadi kwenye kliniki ya goti, mwisho kabisa wa mji. Anasema bado hajaamua aende na nani. Ni mimi au Twiga. Nataka iwe mimi. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, na kungoja kwenye benchi katikati. Karibu asubuhi nzima ya kuzungumza na mtu!

Madhara hadi sasa: bampa la mbele limekwaruzika kwenye kizingiti cha geti langu mwenyewe. Mkwaruzo wa urefu wa penseli. Si kitu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Majaribio. Nilimpeleka Mama Vifungo kununua nyuzi. Aliingia bila kuinua mguu! Alikaa tu, kama mtu anayekaa kitandani. Akasema, Mwalimu, jambo hili umelifikiria vizuri. Nimeyaandika maneno yake ili yasipotee.

Kisha tuta la kwanza. Krrraaa! Tumbo lote la gari likakwangua lami kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Mama Vifungo alijishika kifuani akauliza ni nani tumemkanyaga.

Kosa nimeligundua palepale. Nilipima kimo cha gari nikiwa nimekaa peke yangu. Uzito wa abiria sikuuweka kwenye hesabu. Si ajabu. Tangu mke wangu afariki, miaka sita sasa, kiti kile kimebeba mkate na gazeti tu.

Ufumbuzi wa haraka: nilimwomba ashuke kila tunapofika kwenye tuta, avuke kwa miguu, apande tena ng'ambo. Kwenye tuta la tatu muuza mboga mmoja alidhani tumegombana. Alimshika Mama Vifungo mkono, akamsihi arudi garini, akisema wanaume wakizeeka ndivyo walivyo, mzoee tu, dada yangu. Mimi aliniinamia dirishani akaniambia niombe msamaha, baba, haigharimu kitu. Nikaomba. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza habari za uzito.

Mama Vifungo alicheka hadi tuta la nne. Baada ya hapo aliacha. Aliuliza kama tumelitoa goti matembezini au tumelipeleka gwaride.

Madhara: kipande cha plastiki cha chini ya bampa. Nilikiokota.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Hila mpya: kupita tuta kimshazari. Ni rahisi. Gari likilivuka tuta moja kwa moja, tumbo lote huja juu yake kwa wakati mmoja. Likipita kwa pembe, magurudumu hupanda moja moja na tumbo huinuliwa upande. Kinachohitajika ni pembe sahihi, mwendo wa konokono na barabara nzima.

Barabara nzima sikuipata. Nyuma yangu lilikuja lori la maji. Dereva wake alipiga honi hadi sikio likaziba, kisha akachungulia na kuuliza, mzee, hapo unaegesha au unazaliwa upya? Nikapoteza pembe. Bomba la moshi likang'oka.

Na nani atokee? Twiga, bila shaka. Alisimama kando yangu, akashusha kioo, akanisalimia kutoka huko juu kama mtu aliye roshani. Akauliza kama nimeangusha kitu au nalitafuta gari langu. Nikamjibu kwamba nafanya utafiti. Akasema, ah, nilidhani unafanya kilimo, maana naona umelima lami. Alicheka peke yake muda mrefu. Huyu naye, nadhani, hana mtu wa kumchekea nyumbani. Haikunizuia kumchukia.

Nimerudi nikinguruma kama trekta. Mbwa wote wa mtaa wamenisindikiza. Fundi amelifunga bomba kwa waya na kuniambia, mzee wangu, springi mpya zipo, turudishe gari lako lilivyokuwa. Nimemwambia tatizo si gari, ni matuta. Akakubali haraka sana, kama watu wanavyomkubalia mgonjwa.

Nimepima matuta yote hadi kliniki. Ni kumi na moja. Nimeyaorodhesha kwa kimo na tabia. La kumi na moja, mbele ya geti la kliniki, limejengwa na mtu mwenye chuki binafsi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nimeona mwanga. Abiria anaongeza uzito. Basi uzito huohuo utolewe kwingine! Nashangaa ilinichukua siku mbili.

Nimetoa tairi la akiba. Nimetoa jeki, spana na mikeka. Nimetoa kiti cha nyuma chote, kwa msaada wa lugha ambayo darasani sikuwahi kuitumia. Kiti kiko sebuleni sasa. Kizuri kuliko nilivyodhani. Kinatosha watu watatu. Nimekunywa chai nikiwa nimekaa pembeni kabisa, upande wa dirisha. Baadaye nikajiuliza nafasi ile nyingine namwachia nani. Nikahamia katikati. Hapakukalika vizuri. Nikarudi pembeni.

Mwanangu amepiga simu kutoka kwake, mbali. Kaulizia chakula, kama kawaida. Nikamwambia leo sijala, napunguza uzito. Akauliza kama nimemwona daktari. Nikasema hapana, ila nimemwona fundi. Akauliza fundi ananipa dawa gani. Nilianza kumweleza habari ya springi toka mwanzo, lakini alikuwa na kikao. Kaahidi kupiga tena kabla ya mwisho wa mwezi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nilihitaji tarakimu moja tu: uzito wa Mama Vifungo. Nilimfuata kwenye cherehani yake, nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya sayansi. Kwanza aliendelea kushona. Kisha akaondoa mguu kwenye pedali. Akaniambia, kwa upole wa kutisha, kwamba ana sindano nyingi mezani na subira kidogo.

Nimekadiria mwenyewe. Mifuko miwili ya mchanga. Nimeiweka sakafuni mbele ya kiti cha abiria na kwenda barabarani. Tuta la kwanza hadi la kumi, kimya! La kumi na moja, krrraa. Bado uzito ulizidi kidogo sana. Nimerudi, nikazunguka gari mara tatu. Ni nini kingine kinachoweza kutoka?

Kiti cha abiria chenyewe! Chuma kitupu na sponji. Kizito kuliko nilivyotarajia. Nimekifungua, nimekitoa, nimeweka mifuko mahali pake, nimekwenda tena. Moja. Mbili. Tano. Tisa. Na lile la kumi na moja, nikalivuka bila hata mnong'ono! Nilipiga kelele kwa furaha. Nikageuka upande wa kushoto kusema umeona. Mifuko ya mchanga haikusema kitu.

Jioni nimekwenda kumwarifu Mama Vifungo kwamba gari liko tayari na halitagusa popote. Akasema, haya, Mwalimu, nimeshamwambia Twiga asije, nitakwenda na wewe. Amenichagua mimi! Hata chai sikuweza kuimaliza.

Nimeosha gari. Nimeandaa kigoda cha jikoni na mto wenye maua ili akae vizuri.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Saa mbili kamili alikuwa getini. Gauni la bluu, mkoba, vyeti vyake vya hospitali kwenye bahasha. Nilimfungulia mlango.

Aliangalia ndani. Aliangalia kigoda. Akainama kidogo kutazama nyuma, akaona pako wazi kama ukumbi baada ya sherehe. Akauliza viti vimekwenda wapi. Nikamweleza yote, hatua kwa hatua: uzito wa kiti, kimo cha tuta, mifuko ya mchanga. Nilimwonyesha na jedwali. Nikasema kwamba kwa hesabu zangu, yeye pamoja na kigoda ni sawasawa na yeye bila kiti.

Alisikiliza hadi mwisho. Hilo lazima nilikiri. Kisha akasema, Mwalimu, uliponiambia gari liko tayari, nilidhani nitakaa. Nikasema atakaa, mto upo. Akauliza, tukifunga breki je? Swali zuri! Nikamwambia ashike kile kishikio cha juu ya mlango. Akanitazama kama anayetafuta mtu mwingine ndani yangu. Akatoa simu kwenye mkoba.

Twiga alifika baada ya dakika nne. Safari hii alileta kistuli cha kukanyagia. Nani kampa wazo! Alimshika mkono Mama Vifungo, naye akapanda polepole, ngazi moja, ngazi ya pili. Sikusikia neno gunia.

Niliwafuata nyuma. Sijui kwa nini. Pengine kukamilisha majaribio. Matuta yote kumi na moja niliyavuka safi kabisa. Hakuna aliyegeuka kuona. Mbele yangu, kwenye kioo cha nyuma cha lile gari refu, niliona vichwa viwili, na cha kushoto kilikuwa kikizungumza.

Nimewasubiri kwenye maegesho hadi walipotoka, kisha nikajificha nyuma ya usukani. Kwenye gari la chini kiasi hiki, kujificha si kazi.

Madhara: hakuna. Hii ni mara ya kwanza.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Alikuja! Mchana, amejifunga kitambaa cha kazini, hana kinyongo hata kidogo. Mguu anauvuta, lakini uso umechangamka. Aliona viti sebuleni akakaa kwenye kile cha nyuma bila kukaribishwa, katikati kabisa. Alinywa chai. Alisema daktari ameangalia goti na kutoa agizo moja: atembee. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nusu saa, taratibu, na asitembee peke yake kwa sasa, awe na mtu wa kumshika mkono akichoka.

Kisha akazungusha kikombe. Akasema, nikakufikiria wewe, Mwalimu. Huna kazi asubuhi, na unajua kuzungumza.

Nilimwambia ukweli kwamba daktari huyo hajui kwamba ufumbuzi uko karibu. Nilimweleza kwamba kutembea ni kazi ya mtu asiye na usafiri, naye usafiri anao, wiki mbili tu nikisharekebisha suala la kiti. Nimepata habari za viti vya plastiki vyepesi mno, vya boti. Pia nilimwonya kuhusu njia ya miguu, mawe na mifereji. Nilitumia kama robo saa hivi.

Alisikiliza. Akaweka kikombe chini. Akasema, haya, Mwalimu. Malizia hesabu zako. Ukizimaliza, njia unaijua.

Aliondoka kwa miguu. Nilimtazama hadi alipokata kona. Kweli anavuta mguu. Nimeona wazi kwamba hakuna wakati wa kupoteza, nikamwita fundi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimeamka mapema. Fundi atakuja saa nne. Nimemwagiza ashushe sentimita mbili zaidi, upande wa abiria tu, maana kiti cha boti ni kirefu. Amesema, mzee wangu, hata hivyo tutazungumza kwanza.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa chini ya gari, nimeliinua kwa jeki, rula mkononi, nikaona miguu inapita getini. Jozi mbili. Viatu vyeupe vya Mama Vifungo, na mabuti ya mpima ardhi, yakienda polepole kumfuatisha. Twiga! Na gari lake refu limeegeshwa nyumbani! Mtu ana injini kubwa kama ile, ana ngazi, ana kistuli, na bado anatembea kwa miguu. Nilimwonea huruma.

Mama Vifungo aliinama akanipungia mkono. Akaniita, Mwalimu, toka huko, tunakwenda hadi duka la mkate tu. Hata Twiga akasema njoo, bwana, utufundishe kitu. Niliwashukuru. Niliwaeleza kwamba niko katikati ya kipimo.

Wakaendelea. Walipofika kwenye tuta la kwanza Twiga alimshika mkono, wakalivuka, na hapo wakacheka wote wawili, kwa sauti, hadi nikawasikia huku chini. Sijui walicheka nini. Tuta lile nalijua vizuri. Lina sentimita kumi na mbili na halina cha kuchekesha hata kidogo.

Nimekwenda kulipima tena, ili kuhakikisha. Kumi na mbili kamili.