Paneli Kumi na Mbili za Kumkomesha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Shirika la umeme limetangaza mgao. Zamu ya mtaa wetu ni kuanzia Ijumaa ya wiki ijayo, toka adhuhuri mpaka usiku. Mke wangu amelisoma tangazo mara mbili, kisha akautazama mlango wa chumba cha Mama. Mapafu ya Mama yamechoka. Bila ile mashine yake ya oksijeni, inayokula umeme usiku na mchana, hawezi hata kumaliza salamu. Mtungi wa akiba tuliopewa hospitali umebaki na hewa kidogo. Mke wangu anataka tununue sola wiki hii hii, hata ikibidi kumaliza akiba yote.

Nimemwambia atulie, ameolewa na mtaalamu. Ofisini kwetu mnunuzi ni mimi. Karatasi, sabuni, balbu, vyote hupitia kwangu. Naita wauzaji watatu, nachukua makadirio matatu ya bei, nawagonganisha vichwa mpaka walie. Sijawahi kulipa bei ya kwanza tangu nizaliwe.

Shemeji, kaka yake mke wangu, anakaa ng'ambo ya barabara. Ana paneli nane juu ya paa na haachi kuzitaja. Alilipa bei aliyotajiwa! Hakuomba hata apunguziwe! Leo ameniletea namba ya mhandisi wake bila kuulizwa. Nimeipokea kwa tabasamu la meno yote.

Jumanne, 4 Machi

Mpango uko tayari. Kanuni yake nilifundishwa na Mama mwenyewe, aliyeuza nguo sokoni miaka yote ya utoto wangu. Muuzaji asijue kwamba una shida. Akijua tu, umekwisha, atakukamua mpaka tone la mwisho. Kwa hiyo hakuna fundi hata mmoja atakayejua kwamba humu ndani mna mgonjwa.

Nimemweleza Mama. Amecheka mpaka nikalazimika kumshika mgongo. Amesema mimi kweli ni mwanawe. Mke wangu hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Mhandisi wa Shemeji amekuja. Mwanamke wa makamo, buti za kazi, maswali kuliko polisi. Amepanda paani, ameshuka, amesema paneli zikae upande wa nyuma, kwa sababu upande wa barabarani unafunikwa na kivuli cha ghorofa la jirani kuanzia adhuhuri. Upande wa nyuma! Ambako Shemeji haoni kitu! Nikaguna tu.

Kisha akausikia mngurumo. Akauliza ni nini. Nikasema friji. Akauliza, friji chumbani? Nikasema mama yangu anapenda maji baridi. Hapo hapo Mama akakohoa. Nikasema hiyo ni redio.

Makadirio yake yameingia jioni. Ilibidi nikae chini. Ameweka friji ya kufanya kazi saa zote, na kwa ajili ya hiyo friji ameongeza betri mbili kubwa na inveta nene, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe umeme wa nyumbani. Yaani friji ambayo haipo ndiyo inayonifilisi! Nimempigia simu nikamwambia aifute. Akasema kama kuna mgonjwa mle chumbani nimwambie tu. Bei yake haipandi kwa ajili ya ugonjwa, ila mtambo lazima ulingane na mzigo wenyewe, yaani vyombo vinavyotumia umeme.

Mtego huo! Nauona toka mbali. Nikamwambia hatuna mgonjwa, tuna redio mbovu.

Ijumaa, 7 Machi

Zamu ya kampuni kubwa. Amekuja bwana mmoja wa tai, na kompyuta kwapani. Sikutaka kurudia kosa la friji, kwa hiyo nikaizima mashine kabla hajabisha hodi. Dakika chache tu. Mama mwenyewe alikubali, akanipungia mkono nifunge mlango.

Nani alijua kwamba bwana yule angenieleza habari za jua tangu lilipoumbwa? Michoro! Dhamana! Picha za familia zinazochekea paa zao! Kila nikisimama kumsindikiza anafungua picha nyingine. Mke wangu akaingia kutoka kazini, akasalimia, akatega sikio. Hakusikia mngurumo. Alitupita mbio. Bwana wa tai akauliza kama kuna tatizo. Nikasema ameacha chungu motoni.

Midomo ya Mama ilikuwa ya kijivu. Mke wangu ndiye aliyeiwasha mashine, akakaa kitandani akimsugua mikono, kisha akageuka kuniangalia. Niliogopa. Nilikwenda jikoni nikasimama tu pale, nimeshika kikombe kitupu.

Makadirio ya bwana wa tai nayo ni ya kutisha. Nimeyachukua ya mhandisi, nikafuta bei, nikaandika nyingine kwa mkono wangu, nikamtumia. Amepunguza! Nimeyachukua hayo yaliyopunguzwa, nikayapunguza tena, nikamtumia mhandisi. Amejibu kwamba kwa bei hiyo hata yeye angenunua, nimwelekeze duka. Ana maringo kama Shemeji.

Jumapili, 9 Machi

Mama ameniita. Siku hizi anazungumza kwa vipande, anapumua katikati. Amesema nimwambie ukweli yule mama wa buti. Amesema yeye alikuwa anauza nguo, na mtu akikosa gauni anarudi siku nyingine na gauni la zamani mwilini. Amesema hii si nguo, mwanangu. Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo wote, na nikatoka na simu mkononi kabisa.

Nje nikamkuta Shemeji juu ya ngazi anasugua paneli zake kwa fagio refu, anapiga mluzi. Akaniuliza, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kama nimeshaamua au bado natafuta za bure. Watu waliokaa nje ya duka la jirani wakacheka. Simu nikairudisha mfukoni.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempata! Mtu wa tatu! Namwita Bei Chee kwa sababu ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Hana tai, hana buti, hana maswali. Mashine nilikuwa nimeifunika kwa blanketi mbili, ikawa inalia kwa chini kama paka aliyefungiwa kabatini, na hakuuliza hata kidogo. Aliuliza jambo moja tu, nataka kuwasha nini. Nikasema taa na televisheni. Akaandika taa na televisheni.

Paneli kumi na mbili! Shemeji nane, mimi kumi na mbili! Bei nusu ya mhandisi! Zimeshawahi kutumika kwenye paa jingine, Bei Chee hakuficha hilo, lakini anasema jua halijui paneli kuukuu wala mpya. Betri moja, inveta moja ndogo, nyepesi, ya kupendeza. Na anaziweka upande wa barabarani bila ubishi.

Mke wangu ameyapanga makadirio yote matatu mezani. Akaniuliza ni yapi kati ya haya yanayoiendesha mashine ya Mama. Nikamwambia asiangalie vitu vidogo vidogo, aangalie jumla chini ya ukurasa. Akauliza tena swali lile lile. Nikamwambia paneli kumi na mbili zinazishinda nane, na nane za kaka yake zinaendesha friji, pasi na pampu ya maji. Hesabu ya darasa la kwanza. Aliinuka akaenda kuziondoa blanketi. Mashine ilikuwa ya moto.

Jumatano, 12 Machi

Zimefungwa! Paa lote la mbele halionekani. Nilisimama barabarani nusu ya siku nikijifanya nasubiri mtu.

Shemeji alivuka. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena! Sura yake! Nitaikumbuka mpaka nizeeke. Kisha akauliza jambo moja tu, kama nimeujaribu mtambo na mashine ya mama mkwe wa dada yake. Nikasema bila shaka.

Sikuwa nimejaribu. Ningejaribuje? Bei Chee alikuwa bado hajapokea malipo ya mwisho. Angeiona mashine, angejua, bei ingepanda palepale. Nikangoja alipwe, aondoke. Alipoondoka umeme ulikuwepo, Mama amelala usingizi mzuri, na kuichomoa mashine kwa majaribio niliona ni ukatili. Tukatazama televisheni.

Ijumaa, 14 Machi

Siandiki vizuri.

Umeme ulikatika adhuhuri. Mtaa mzima kimya. Kwetu taa zote zinawaka mchana kweupe, televisheni inaimba, na mimi nikafungua mapazia ili Shemeji aone. Mke wangu alikuwa ameshamvalisha Mama mpira wa mtungi. Nikaichomeka mashine kwenye sola.

Inveta ikapiga yowe, ikazima. Nikazima televisheni. Ikapiga yowe, ikazima. Nikazima taa zote, moja moja, hata ya chooni. Mashine ikaguna, ikazunguka kidogo, ikanyamaza. Nikampigia Bei Chee. Akasema mtambo ule ni wa taa na televisheni, mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia. Akauliza nimechomeka nini. Ikabidi niseme. Kwa mara ya kwanza nikamwambia mtu kwamba ni mashine ya oksijeni, ni ya mama yangu. Akasema, "Mzee, si ungesema?"

Mke wangu akasema tumvushe Mama kwa Shemeji sasa hivi. Nikasema ngoja kwanza. Nilisema hivyo, ni mimi niliyesema. Ngoja nibadilishe waya. Ngoja nipande nizifute vumbi. Nilikuwa juu ya ngazi na kitambaa, na kivuli cha ghorofa kimeshazifunika paneli zote kumi na mbili, niliposikia mke wangu anapiga kelele barabarani akimwita kaka yake. Mtungi ulikuwa umekwisha.

Shemeji alikuja peku. Tulimbeba Mama kwenye kiti, yeye mbele, mimi nyuma, mke wangu akabeba mashine, gari zikasimama. Nyumbani kwake mashine iliwaka mara moja, bila kelele. Hata pasi ilikuwa inaendelea pembeni. Lakini Mama hakurudiwa na rangi yake. Shemeji akatoa gari, tukaenda hospitali. Njia nzima hakunilaumu hata kwa neno moja. Bora angenilaumu.

Jumapili, 16 Machi

Wodini. Mama ana kinyago cha hewa usoni. Mke wangu amekaa upande wa pili wa kitanda na haniangalii. Daktari amesema moyo wa Mama umechoka kwa ile saa aliyokosa hewa. Amesema kwa upole, kama mtu asiyejua ni nani aliyekuwa juu ya ngazi.

Mchana Mama alifumbua macho. Akakisogeza kinyago kidogo. Akauliza, mwishowe nimelipa ngapi. Nikamnong'oneza. Alinitazama kwa muda. Sijui kama alifurahi. Natamani sana kujua kama alifurahi. Kisha akaurudisha mkono wangu juu ya shuka, akaupapasa, akafumba macho.

Jumatatu, 17 Machi

Mama amefariki leo asubuhi.

Jumanne, 18 Machi

Nyumba imejaa watu. Mke wangu anapokea wageni na kujibu kila mtu isipokuwa mimi. Shemeji amelia kuliko mimi. Amesema suala la jeneza nimwachie yeye, anamfahamu fundi mzuri na gharama ni juu yake. Nikamshukuru, nikamwambia hapana. Bei ya kwanza ya fundi wa Shemeji! Mama angenicheka. Nimetoka kimya kimya kwa mlango wa nyuma. Karakana tatu, makadirio matatu.

Ya kwanza niliharibu mwenyewe. Nilikwenda na macho mekundu, fundi akaniona tu, akasema pole sana ndugu yangu, akataja bei ya juu mawinguni. Nikanawa uso bombani. Ya pili nikasema naulizia tu, mambo ya kiofisi. Akanitazama sana, hakushuka.

Ya tatu nilikuwa nimejipanga. Nikaingia nachekacheka. Nikamwambia nanunua langu mwenyewe, mapema, mimi ni mtu wa mipango. Fundi akacheka, akasema wateja kama mimi ni wachache. Akauliza kama nyumbani kuna msiba. Nikasema hakuna. Akachukua futi kamba, akanipima mimi, toka utosini mpaka kisiginoni. Mama hafiki hata begani kwangu. Lakini ningemsahihisha angejua, na angejua ningekwisha. Nikasimama wima, mikono ubavuni, akanipima na mabega. Machozi yakanitoka, nikashindwa kuyazuia. Akaacha kupima, akauliza vipi. Nikamwambia ni vumbi la mbao. Akaniamini, akapunguza.