Picha Imeganda kwa Mzee Nizar

Nimeadhirika leo, mchana kweupe, mbele ya watu mia mbili na kumi na moja. Idadi naijua kwa sababu mtandao wenyewe unahesabu. (Siku za kawaida nikirusha gemu mubashara napata watazamaji kumi na tisa, na mmoja wao ni mimi.)

Tuliokulia Morogoro Mjini tunakikumbuka chumba cha gemu cha Mzee Nizar, nyuma ya duka lake la spea za baiskeli. TV chogo mbili, zile za kisogo kirefu, mabenchi, harufu ya grisi na sambusa. Mvua ikishuka kutoka Uluguru inapiga bati hadi humsikii mtangazaji wa mpira. Sheria ilikuwa moja tu: ukifungwa, unapisha. Mimi nilipisha sana. Benchi la kungojea nililijua kuliko dawati langu la shule.

Aliyeniinua mara nyingi kuliko wote ni Zuhura. Siku ya kwanza alitumwa vali na baba yake, aliyekuwa akishusha ndizi kutoka mlimani kwa baiskeli. Akachungulia ndani, akauliza, "Na mimi naweza?" Tukacheka. Akatufunga wavulana watano mfululizo, vali iko mkononi, baba yake yuko nje na tairi bovu. Tangu siku hiyo hadi tunamaliza kidato cha nne, sikumfunga hata mara moja.

Sasa Mzee Nizar anahamia Dar kwa binti yake, na mwezi ujao chumba kinakuwa stoo ya mtu mwingine. Niliposikia nilikosa raha siku nzima. Kisha nikapata wazo: tucheze mechi moja ya mwisho, mimi na Zuhura, kwenye mashine ileile, na niirushe mubashara ili wenzetu waliotawanyika waone. Zuhura siku hizi ni mwalimu kule Mikese. Akakubali. Nikaandika kwenye group letu, "Njooni mumwone Zuhura akipisha." (Hiyo sentensi bado ipo. Nimejaribu kuifuta, muda wa kufuta umepita.)

Nilitaka kitu kimoja tu: nimfunge mara moja, kabla mlango haujafungwa.

Saa nane mchana nimefika. "Shikamoo, Mzee Nizar."

"Marahaba, Mudi. Umenenepa."

"Ndiyo, mzee."

Zuhura akaingia, akakaa benchi lilelile, akachukua ile pedi ambayo kitufe chake kimefungwa kwa rababendi. Mashine ikawaka. Jamani, ule mlio wake wa kuamka! Nikageukia ukutani, nikasingizia vumbi.

Niliiunga mashine kwenye laptop, nikaweka kamera ndogo juu ya TV ili na sura zetu zionekane, laptop ikapata intaneti kwa hotspoti ya simu yangu. Hata hatujagusa mpira, malalamiko yakaanza. Chidi, mwenzetu aliyeko Mwanza, aliandika: "Mudi, hii ni mechi au albamu ya picha?" Kweli, laptop ilionyesha fremu zinadondoka, yaani picha nyingi zinapotea njiani, na zinazofika zinafika zimechoka.

Nikavaa ufundi. Nikapunguza ubora wa picha. Bado. Nikafunga programu zote. Bado. Nikahamishia simu dirisha la pili, nikieleza kwamba mlima unaziba mtandao. (Mlima umekaa pale tangu dunia iumbwe, uje uzibe leo.) Laptop ilikuwa ya moto, nikaigeuza ielekee feni, kwa hiyo kioo chake sisi hatukukiona tena. Maoni ya watazamaji nikayaficha, nikidai kwamba nayo yanalemea.

"Maneno yana kilo ngapi?" Zuhura akauliza.

Nikamwomba asiingilie mambo ya kitaalamu.

Nikatoka kwenda dukani kutafuta maji ya kunywa, nikamkuta Mzee Nizar na wateja sita, kila mtu na simu yake, wanatutazama sisi! Tumetenganishwa na ukuta mmoja.

"Mzee, hiyo intaneti ni ya nani?"

"Ya kwako. Password umeibandika mlangoni, tukajua umetukaribisha."

Niliibandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, nisije nikaisahau. Nikarudi dirishani, nikabadilisha password, nikaiunga laptop upya, wao wakahamia kwenye mabando yao, huku mmoja akisema watu wa mjini tumekuwa wachoyo. Chidi akanipigia: "Sasa imekaa sawa! Anzeni."

Nikaegemeza simu kwenye kopo la grisi, nimeifungua mechi yetu hapohapo nione tunavyoonekana. (Nimewafukuza wenzangu kwenye hotspoti, halafu nikaingia mimi. Mtaalamu.)

Mechi ikaanza. Dakika ya tisa nikafunga. Wallahi nilifunga! Krosi, kichwa, wavu. Nikaruka, nikaikamata simu, nikaibusu kiooni, nikairudisha kwenye kopo.

Kilichofuata sipendi kukisimulia. Moja moja. Mbili moja. Tatu moja, na mapumziko bado.

"Ni mtandao huu," nikasema.

Zuhura akaufuata waya wa pedi yake kwa macho hadi kwenye mashine, kisha akaufuata wa kwangu. "Mtandao upi, Mudi? Mimi na wewe tumechomeka hapa hapa."

Nikasema hata hivyo unaathiri saikolojia.

Filimbi ya mwisho ililia tukiwa sita moja. Nikatazama simu ili nisiitazame TV, na nikaona muujiza. Picha imeganda! Imeganda kwenye goli langu, mimi mikono juu, ubao unasoma moja bila. Nikajua fremu zimeanza tena kudondoka, na safari hii zimedondoka zote. Dunia haikuona kitu.

Nikapiga magoti. Mimi, baba wa watoto wawili, kwenye ile sakafu.

"Zuu, watu wameona moja bila tu. Tuache hivyo. Nimekaa na hili jambo tangu kidato cha kwanza. Nilikuwa nikitoka hapa, nalala chali, nakufunga magoli kwenye dari la nyumbani. Nipe hii moja nife vizuri."

Zuhura akanigeukia. "Kwani ilikuuma hivyo?"

"Iliniuma."

"Mbona mlikuwa mnanipigia makofi?"

"Yalikuwa ya kweli. Lakini iliniuma."

Akachezea ile rababendi. "Mimi nyumbani nilikuwa wa kubeba mikungu na kuosha masufuria. Makofi niliyapata humu tu." Akaweka pedi chini. "Haya, chukua. Mimi nimeshinda za kunitosha."

(Mtu mwenye aibu angekataa hapo. Mimi nilijipangusa magoti.)

Nikaigusa simu, picha ikaanza kutembea. Nikaigeukia kamera.

"Ndugu watazamaji, samahani, mtandao ulitusumbua. Mpira umekwisha, moja bila, mshindi ni mimi. Leo, mbele yenu, Zuhura amepisha!" Nikacheza na mdundiko kidogo, kiuno kimoja kushoto, kiuno kimoja kulia.

Pazia la mlangoni likafunguka. Mzee Nizar, simu mkononi, anajifuta machozi. Nyuma yake wateja sita wameshikana mabega wasianguke.

"Mudi, mwanangu," akasema. "Sita moja. Na magoti tumeyaona."

"Haiwezekani! Picha iliganda!"

Zuhura akaiokota simu yangu, akaigeuza kwenye mwanga. "Iliganda kwako tu. Ulivyoibusu uliisimamisha. Mdomo wako huu hapa, katikati ya kioo."

Nikayafungua maoni niliyokuwa nimeyaficha. Yameandikwa mamia, na karibu yote yanasema kitu kimoja: "Nipe hii moja nife vizuri." Chidi ameshaitengenezea na stika.

Zuhura alicheka hadi akaegemea TV. Mzee Nizar akaja akasimama mbele ya benchi, akanigongagonga bega, na mimi nikapisha. Akakaa yeye. Miaka yote ile ya kutuuzia muda, hatukuwahi kumwona ameshika pedi. Akauliza cha kupigia ni kipi. Akafungwa nane, akidai kila goli kwamba refa amehongwa, na nyie watazamaji mkawa mnaongezeka tu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikatoka uani kidogo, kwa sababu nilielewa kwamba sitapata tena nafasi ya kumfunga Zuhura mle ndani, na kwamba chumba kile nilikuwa nakipenda hata nikiwa nimefungwa.

Basi mmenicheka, yameisha. Ila namba yangu mnayo, mliniona nimepiga magoti, na hakuna hata mmoja aliyenipigia kusema, "Mudi, inuka, tunakuona." Mungu anawaona na nyie.