Vita vya Sikio katika Ukuta wa Saleh

Sogeeni, enyi watu wa Katesh na Mogitu, na ninyi mnaoshuka kutoka Nambis na Maretadu mkiwa na mahindi mgongoni! Tueni mizigo, epueni vyungu visiungue, mfungeni mbuzi mbali, mpate kusikia habari kubwa. Si habari ya wafalme, maana huku kwetu hatukuwa nao. Ni habari ya Konsolata binti Margwe, Mshika Brashi, Mpanda Ngazi Mbovu, Adui wa Ukuta Mtupu, na jinsi alivyopigana vita juu ya sikio moja la ng'ombe.

Zama zile zilikuwa zama za ngano. Matrekta ya serikali yalikuwa yamezimeza nyanda chini ya mlima Hanang, na kila aliyehesabiwa kuwa na akili timamu alitafuta ajira huko: kuendesha, kulinda, kushona magunia, au walau kumpikia anayeendesha. Konsolata peke yake alisimama akatangaza kwamba yeye ni mchoraji, asubuhi mchoraji na jioni mchoraji, na hana kazi nyingine. Nao wakamwuliza, kama walivyomwuliza kila siku:

"Binti, unafanya kazi gani?"

"Nachora."

"Hilo tumeliona. Tunauliza kazi."

Na mateso ya shujaa huyu nani atayasimulia yote? Katika maduka ya zama zile rangi ilikuwa jina tu. Nyekundu yake ilikuwa masalia ya kopo lililokwisha kupaka kombaini la serikali, ile mashine ya kuvunia ngano. Nyeusi ilikuwa masizi ya sufuria yaliyokorogwa kwa mafuta ya taa. Nyeupe ilikuwa chokaa. Brashi yake ilikuwa singa za mkia wa ng'ombe zilizofungwa kwenye kijiti. Alipoanza kuchora, upepo wa mlima uliinuka ukabeba vumbi la mashamba ya ngano na kulimwaga juu ya rangi mbichi, hata picha zake nyingi zilikuwa zimelimwa kabla ya kukauka. Tena walikuwapo wale majirani wema, hatari kuliko upepo, waliomwambia, "Nichoree na mimi, kidogo tu," kana kwamba rangi hutoka katika mate.

Ndipo Saleh, mwenye bucha karibu na uwanja wa mnada, Bwana wa Visu na Mizani, alipomwita akamwonyesha ukuta wake wa pembeni, mpana, mweupe, wa kutisha.

"Nataka ng'ombe hapa," akasema. "Mnene. Mtu akimwona tu, asikie njaa."

Habari hizo zikamfikia Baba mdogo Tadei, Mlezi wa Ukoo na Msemaji wa Mwisho. Naye akatoa amri mbele ya mashangazi wote: "Nimekutafutia nafasi jikoni kule shamba la ngano. Kuosha masufuria. Ni ajira, ina kofia. Mwenyewe nilikupeleka ukaona. Sasa sikiliza: kama Saleh akiipokea hiyo picha yako na ikabaki ukutani hadi mnada uishe, sitasema tena neno. Ikifutwa, Jumatatu unaenda kwenye masufuria."

"Ndiyo, baba," akasema shujaa, macho chini. Kisha akaenda kuazima ngazi.

Akapigana na ukuta ule hadi mkesha wa mnada. Ngazi haikuwa na kidato cha katikati, naye akapajua mahali pale patupu kwa magoti yake. Wapita njia wakawa majaji. Mmoja akasema mkia ni mfupi. Mwingine akasema mkia ni mrefu. Bwana Mifugo, aliyekuwa amesomea, akasimama mikono nyuma akaagiza nundu iondolewe, maana ng'ombe wa maendeleo hana nundu. Konsolata akamjibu, "Ndiyo, Bwana Mifugo," akachovya brashi, akaongeza nundu.

Siku ya mnada ikafika, na watu wakajaa. Tazameni, ng'ombe alikuwa amesimama ukutani! Mwekundu, doa jeupe kwenye paji, pembe ya kushoto imelala kama mtu aliyechoka, sikio la kushoto limekatwa pembeni kwa alama. Wala hakuna hata mmoja aliyesema picha ni nzuri. Huku kwetu ng'ombe hasifiwi kwa uzuri kabla hajajulikana. Wote waliuliza swali moja:

"Huyu ni wa nani?"

"Si wa mtu," akasema Saleh akicheka. "Ni wa ukuta."

Ndipo umati ulipopasuka, akapita Gidamis, mzee mfugaji, mrefu, shuka begani na fimbo mkononi. Akasimama mbele ya ukuta. Akatazama kwato, akatazama nundu, akatazama pembe.

"Shikamoo, mzee," akasema Konsolata kutoka juu ya ngazi, alikopanda kupangusa vumbi.

"Marahaba. Huyu ni wangu."

Kicheko cha Saleh kikakatika. "Mzee wangu, hiyo ni rangi."

"Rangi ni yako. Ng'ombe ni wangu. Alipotea masika, upande wa ngano. Pembe ile niliiona ikianza kulala akiwa ndama. Mtu hawezi kuchora pembe ile bila kuiona. Sasa namwona kwenye ukuta wa bucha." Akaigeukia mizani. "Mlimla lini?"

Lo! Neno hilo likaruka katika mnada kama moto katika mabua. Wanunuzi waliokuwa wameshika nyama wakairudisha mezani polepole, wakajifuta vidole. Saleh akashika kichwa. "Subhanallah! Nimefanywa mwizi na ukuta wangu mwenyewe! Leteni chokaa! Konsolata, shuka, mfute huyo mnyama kabla hajaniua!"

Ndoo ya chokaa ikaletwa. Baba mdogo Tadei alikuwa pale, mikono kifuani, na uso wake ulikuwa tayari ni Jumatatu.

Basi Konsolata, ambaye hakuwahi kusema mbele ya watu zaidi ya watano bila kutazama vidole vyake vya miguu, akatazama vidole vyake vya miguu, akahutubia:

"Mzee Gidamis, sikumwona hapa. Nilimwona siku ile baba mdogo aliponipeleka kuona jiko la shamba la ngano. Nyuma ya ghala la mashine. Amefungwa kwa kamba ya buluu, anakula makapi. Nilimtazama yeye, masufuria sikuyatazama. Alikuwa hai. Na Mzee Saleh hajui kitu, yeye aliniambia mnene tu."

"Kamba ya buluu?" akauliza Gidamis.

"Buluu."

"Usifute," Gidamis akamwambia Saleh. "Nikirudi mikono mitupu, futa. Nami nitakuwa nimekukosea, nitasema hivyo mbele ya hawa." Akazungusha fimbo, akaondoka kwa hatua zake ndefu kuelekea nchi ya ngano.

Saleh akaketi karibu na ndoo yake. "Mnada ukiisha hajarudi," akasema, "namwaga."

Jua likatembea. Nyama ikalala bila mnunuzi, inzi wakala karamu. Konsolata hakushuka kwenye ngazi, wala hakuna aliyemwomba picha ya bure siku hiyo. Wauzaji wakaanza kukunja magunia yao, na Saleh akasimama, akashika mkono wa ndoo.

Ndipo vumbi likaonekana upande wa ngano. Gidamis alikuja, na nyuma yake, kwa kamba ya buluu, ng'ombe mwekundu, doa kwenye paji, pembe imelala.

"Mlinzi wa ghala amekuwa akinikatalia tangu masika," akasema Gidamis, akihema. "Ameniapia kwamba hajawahi kuona ng'ombe wa aina hii. Leo nimemwambia, yupo ukutani Katesh, mnada wote wanamtazama, na aliyemchora amesema alimwona wapi. Akaenda kumfungua mwenyewe, na maji akampa." Akamgeukia Saleh. "Nilikukosea. Mbele ya hawa nasema."

Umati ukapiga kelele. Saleh akalia. Lakini Gidamis akainua fimbo, na kelele zikafa.

"Binti. Umekosea."

Konsolata akashika ngazi.

"Alama yangu ni sikio la kulia. La kushoto ni la shemeji yangu. Ukiliacha hivyo, kesho atakuja hapa kumdai, na mashahidi atakuwa nao, ukuta mzima."

Ole! Kopo lilikuwa limekauka. Katika kitako chake mlibaki tone moja la wekundu wa serikali. Shujaa akaligwangua kwa ukucha, akalilainisha kwa mafuta ya taa, akapanda. Mguu ukatafuta kidato kisichokuwepo. Umati ukavuta pumzi. Mguu ukakikumbuka kisichokuwepo, ukakiruka. Upepo wa mlima ukaja na vumbi lake, naye akaukinga kwa kanga yake. Kwa mguso mmoja akaliziba sikio la kushoto. Kwa ncha ya chokaa, kutoka ndoo ile ile iliyoletwa kumwangamiza, akalikata la kulia. Akapuliza. Akashuka.

Ng'ombe aliye hai akamtazama yule wa ukutani, akamdharau, akaachia kinyesi kwenye kizingiti cha bucha.

"Ndiye," akasema Gidamis.

Hivyo ndivyo sikio lilivyohama kutoka upande mmoja wa kichwa hadi mwingine, na amani ikarudi katika nchi. Nyama ya Saleh ikanunuliwa hata mifupa. Bwana Mifugo akawaeleza watu kwamba nundu ilikuwa shauri lake. Mgeni mmoja aliyekuwa akipita akamwuliza Baba mdogo Tadei yule binti mwenye rangi puani anafanya kazi gani. Tadei akakohoa, akatazama mlima, akatazama mawingu, akatafuta jibu jingine, akalikosa.

"Anachora," akasema.

Na Jumatatu masufuria ya shamba la ngano yakaoshwa na mtu mwingine.