Kanuni ya Ukale wa Kijiji cha Kwemkole

Nina furaha kuutangazia umma kwamba Mradi wa Kuzuru Vijiji vya Kale kwa Gari Dogo la Umeme umezinduliwa rasmi katika milima ya Usambara, na kwamba umefanikiwa kwa asilimia mia moja, ukiacha ile sehemu ya kurudi. Mimi ni katibu wa Kamati. Nilikuwepo tangu kikao cha kwanza.

Gari lenyewe lina viti vinne, halina milango wala moshi, na sauti yake ni kama ya mtu anayenong'ona kanisani. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Edgar, alilipitisha baada ya kujaribu kiti cha mbele.

Kijiji cha kwanza kuteuliwa kilikuwa Kwemkole, kilicho bondeni, mbele ya Rangwi, chenye nyumba za udongo ambazo wazee wanasema babu zao walizikuta. Timu ya tathmini ilibaini dosari moja kubwa: umeme. Nyaya zilipita katikati ya historia. Mbaya zaidi, palikuwa na mashine ya kusaga ya mjane mmoja, Yusta, iliyonguruma kutwa nzima bila kujali karne. Kamati iliketi, ikanywa chai, ikaazimia nyaya zishushwe, zifungwe kwa lakiri na kutunzwa stoo Lushoto. Akina mama wangetwanga kwa kinu, wakitabasamu, mbele ya wageni.

Yusta alikuja ofisini kulalamika. Alisema mashine ile ndiyo inayowalisha wajukuu wake wanne, na kwamba kaya sabini na ushee zinasaga pale. Mashine nyingine iko mwendo wa saa mbili kwa mguu, debe kichwani. Nilimweleza kwa upole kwamba maendeleo yana gharama, na safari hii gharama imemwangukia yeye. Mheshimiwa alimtaka aone fahari, kwani sasa yeye ni urithi wa taifa. Yusta alimtazama usoni, akamtazama viatu, akaondoka. Nikaandika: mdau ameridhika.

Siku ya uzinduzi tuliteremka bondeni vizuri mno. Njiani dereva wetu, Zabron, alisema betri inakwisha, kwamba kushuka si kazi, kazi ni kupanda, na kwamba lazima gari lichajiwe huko chini. Mheshimiwa alimwelekeza alete hoja hiyo kwa maandishi. Tulipofika uwanjani, mbele ya ngoma na watoto wa shule, gari likazimika. Tulipiga makofi tukidhani ni sehemu ya ratiba.

"Soketi iko wapi?" Mheshimiwa aliuliza.

"Ile pale ukutani, baba," alisema Yusta. "Waya wake uko stoo kwenu."

Kamati iliketi palepale, akidi ikiwa imetimia kwa sababu wajumbe wote walikuwa wamekwama. Iliazimia kwa kauli moja kwamba Kwemkole ni kijiji cha kisasa. Zabron alipewa barua ya kuomba nyaya zirudishwe, akapanda mlima kwa miguu. Jioni alirudi, kwa kuwa stoo haifunguliwi bila sahihi ya katibu, na katibu alikuwa Kwemkole. Nikatia sahihi. Akapanda tena.

Siku ya kwanza tulikula tulichotwangiwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwemkole hawakuwa na jembe la ziada, wakatupatia michi ya kutwangia. Viganja vya Mheshimiwa vilitoka malengelenge, na asubuhi ya tatu alimwamkia Yusta shikamoo, jambo ambalo halikuwemo kwenye ratiba. Mimi nililia kidogo, kiofisi.

Alhamisi mafundi walifika, umeme ukarudi. Wakaonya kwamba waya ule hauwezi kubeba mashine na gari kwa pamoja. Mheshimiwa aliamuru gari litangulie.

Sasa, pale mashineni watu hawasimami foleni. Mtu huweka debe lake la mahindi chini, akaenda zake shambani, na debe humlindia nafasi. Hakuna anayelisogeza, awe diwani au shehe. Asubuhi ile yalikuwepo madebe sabini na mawili, kutoka mlangoni hadi penye miti ya mapeasi. Mheshimiwa alivua kofia yake akaiweka mbele ya debe la kwanza. Yusta aliiokota, akaikung'uta vumbi, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Kofia haisagwi, baba. Hapa nafasi ni ya mwenye mahindi. Ukimaliza kusaga, gari lako nalo litakula."

Kwa hiyo naufahamisha umma kuwa shughuli za Kamati zinaendelea. Mwajuma, jirani wa Yusta, ametuazima debe tupu na kutuonyesha rundo la mahindi yasiyopukuchuliwa. Naandika taarifa hii nikiwa nimeketi chini, kando ya Mwenyekiti. Anapukuchua. Akilijaza debe kabla mtu mwingine hajaleta lake, tutakuwa wa sabini na tatu.