Nyama Isiyo na Mufupa

Jumatatu, 3 Desemba 1956

Mvua. Jua. Mvua tena. Naandika kwa Kiswahili nilichokiokota Elisabethville, kule Kongo, maana dada yangu Maggie anasoma kila kitu cha Kibemba anachokikuta humu ndani.

Hali yangu mbaya. Nampenda Rosaria. Muzee Kapembwa, mushenga wangu, alipeleka sahani ya posa kwao siku nyingi. Sahani haijarudi. Jibu halijarudi. Na kila Jumamosi Watson muuza nyama, Watson mwenye baiskeli na kitambi, anapita pale na paja la mbuzi! Mimi fundi cherehani. Nipeleke nini, vifungo?

Lakini leo Mungu kanikumbuka. Nilikuwa zahanati kupima mapazia. Nesi muzungu alikuwa anafundisha akina mama chakula cha watoto. Akasema uyoga wa porini unajenga mwili kama nyama, una vitamini, una madini ya damu, na ukianikwa vizuri unakaa mpaka kiangazi. Akina mama wakapiga miayo. Wamekula uyoga tangu waote meno. Mimi nilidondosha futi yangu. Kama nyama! Na hauna mufupa! Watson, umekwisha.

Jumanne, 4 Desemba

Nimemueleza Kapembwa: napeleka kikapu cha uyoga ukweni, yeye anatoa hotuba ya vitamini. Akasema kuchuma uyoga ni kazi ya wanawake, ni aibu. Nikamwambia dunia inaendelea. Akasema iendelee bila yeye. Lakini hotuba atatoa, kukiwa na kitu cha kunywa.

Nikaenda mwenyewe nyuma ya misheni. Nikarudi na uyoga mzuri ajabu, mwekundu, una madoa meupe. Maggie aliutupa chooni wote, akanipiga na mwiko. Amesema ningewaua wakwe zangu wote kwa sufuria moja, halafu ningemuoa nani?

Haya. Nahitaji mutu anayejua. Na Nchelenge nzima inamjua mutu huyo: Bana Nsama, mama yake Rosaria mwenyewe! Ana kichuguu chake ambako chikolowa, ule uyoga mkubwa mweupe, unaota kila mwaka, kofia yake pana kama ungo. Kiko wapi? Hakuna anayejua. Kesho alfajiri namufuata.

Jumatano, 5 Desemba

Balaa. Kwetu mwanaume aliyepeleka posa hakutani uso kwa uso na mama mukwe. Ukimuona njiani, unatoka njiani. Basi nilikuwa namufuata kwa akili sana, peku, kimya. Ghafla akakumbuka amesahau kisu chake. Akageuka! Mimi huyo porini, kichwa mbele.

Upupu. Mayo we! Upupu usoni, upupu shingoni, upupu ndani ya shati.

Bana Nsama akasimama. Na yeye haruhusiwi kusema na mimi. Kwa hiyo akaongea na muti wa musuku. Akauambia muti kwamba aliyeingia kwenye upupu ajipake majivu, asiguse maji hata kidogo. Akaenda zake.

Nikakimbilia ziwani, nikajitupa. Sijawahi kuwashwa vile tangu nizaliwe.

Alhamisi, 6 Desemba

Nimevimba. Watson kaleta suruali niiongeze kiunoni. Akauliza uso wangu umefanya nini. Nikasema mbu. Alicheka mpaka akashika mulango. Kisha akasema amesikia kwa kina Rosaria wanajiandaa kumupikia mutu Jumapili. Nikauliza mutu gani. Akajigonga kifua!

Suruali nimeipunguza.

Ijumaa, 7 Desemba

Ushindi! Nimekiona! Kichuguu kiko nyuma ya mashamba ya muhogo, njia ya Kenani. Bana Nsama alifika, akainama, akatazama uyoga, akaufunika kwa majani makavu, akaondoka bila kuchuma hata mmoja! Uzee huo, amesahau tena, nikasema moyoni. Kumbukumbu zake si nzuri, maskini.

Nikachuma wote. Ulikuwa bado umejifunga, kofia hazijafunguka, lakini vitamini ni vitamini. Nilijaza kikapu, nikajaza na shati. Niliimba njia nzima. Furaha ilinishika hadi nikamsalimia mbuzi.

Jioni Kapembwa akaupeleka. Anasema hotuba ilitoka vizuri, alitaja vitamini zote, akaongeza na nyingine za kwake. Bana Nsama alishika uyoga mmoja, akaugeuza, akatazama shina, akaingia ndani, akafunga mulango. Kapembwa anasema ni furaha.

Jumamosi, 8 Desemba

Si furaha.

Kapembwa alikuja kabla sijanawa. Kumbe posa ilikubaliwa zamani! Kumbe sahani ya posa hairudi tupu, inarudi na chakula cha mukwe. Na Bana Nsama alikuwa anangoja chikolowa zake zifunguke, akazifunika zisionwe na watu, azipike Jumapili kwa karanga. Kwa ajili yangu! Nimeiba chakula changu mwenyewe, nikampelekea mwenye nacho kama zawadi!

Mjomba wa Rosaria anasema mwizi haoi kwao. Rosaria wangu!

Mchana Kapembwa akarudi na habari nyingine: Watson naye alifika kwao na paja lake, amevaa suruali ile. Akachutama kusalimia wazee. Suruali ikapasuka, mbele mpaka nyuma. Ningefurahi sana, ila mjomba aliuliza fundi ni nani.

Makosa mawili, nyumba moja, siku moja. Sijala.

Jumapili, 9 Desemba

Sahani imerudi!

Baada ya kanisa Rosaria alikuja na binamu yake Febby, sahani kichwani, chini ya kitambaa cheupe. Mimi nilikuwa chini ya kitanda. Nje nikasikia sauti ya Bana Nsama. Alikuwa ameipa nyumba yangu mugongo na anaongea na cherehani yangu barazani. Akaiambia kwamba kuiba chakula chako si wizi, ni ujinga tu, na ujinga haukatazi ndoa. Kwamba uyoga ungefunguka ungeshibisha watu watatu, sasa utashibisha mmoja. Kwamba watoto wake wote walikua kwa uyoga huu kabla vitamini haijapewa jina. Na kwamba Rosaria kasema mume anayejitupa kwenye upupu kwa kumuheshimu mama yake, huyo ndiye anamtaka.

Nililia chini ya kitanda. Nilicheka pia. Febby anasema kitanda kilikuwa kinatikisika.

Uyoga kwa karanga, bukari, ugali wetu wa muhogo, nikala mpaka nikafuta sahani kwa kidole. Mtamu! Sikumuachia Kapembwa hata mchuzi. Rosaria alinitazama kutoka mulangoni, akacheka. Hakuna mutu mwenye furaha kama mimi kutoka hapa mpaka Mununga.

Kapembwa, kwa hasira ya njaa, amenipa habari. Nesi anarudi wiki ijayo kufundisha juu ya viwavi wa kuliwa. Eti viwavi wanashinda hata uyoga kwa kujenga mwili! Na Bana Nsama ana muti wake wa viwavi, haujulikani na mutu, anaenda Jumatano alfajiri.

Atafurahi sana nikimpelekea kikapu. Safari hii upupu hauniwezi. Nimeshateka maji, ndoo nzima ya kujimwagia, iko mulangoni.