Mama Jannat Ndani ya Miwani

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo nimenunua miwani ya VR! Mtumba, lakini safi. Nimeosha pikipiki 412 kwa ajili yake, bila msaada wa baba, mjomba wala mbunge. Sasa Titus atanijua. Titus aliletewa ya kwake na babake, mwenye loji, ikiwa mpya kwenye karatasi. Akicheza anapepewa na feni. Mimi ananiita Sabuni.

Muuzaji ni Mama Jannat, jina lake Bi Mwanamina, mwenye duka la simu na redio za mtumba mtaani Kaloleni, hapa Voi. Nilimwambia mimi siondoki na kitu hakijajaribiwa. Hata balbu hujaribiwa kabla ya kufungwa. Akasema ana shughuli nyingi, bintiye Jannat anaolewa Ijumaa, nijaribu mwenyewe. Nikakataa. Nikivaa mimi iharibike, nitaambiwa nimeharibu mimi. Avae yeye. Akavaa juu ya mtandio, akinung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawamwamini hata aliyewazaa.

Nikainama kuokota kasha. Kuinuka, miwani iko kitini, mama hayuko. Adhana ya adhuhuri ilikuwa ikilia. Nikajua ameingia nyuma kuswali. Taa ya miwani inawaka kijani. Mali nzuri! Nilikuwa nimeshalipa, nikachukua changu. Na kwa sababu mimi ni mstaarabu, nikalaza stuli mlangoni, ile ishara ya "narudi sasa hivi", mwizi asiingie.

Hakuna wa kunishukuru kwa hilo.

Jumanne, 9 Septemba

Miwani ina kasoro. Ina mtu ndani.

Nilikuwa kwenye gemu la ngome: unaparamia kuta, unapiga mishale, unateka bendera. Katikati ya uwanja, askari wakikimbia huku na huku, kasimama Mama Jannat na buibui lake na ndara za bluu. Anamgombeza askari wa mkuki kwamba hakulelewa, anampitaje mtu mzima bila salamu. Mishale inampenya kama moshi. Aliponiona akauliza, wewe kijana, hapa ni wapi, na dukani kuna nani. Nikasema duka liko salama, nimeweka stuli. Akasema afadhali. Haya, nitoe.

Nikavua. Nikaiwasha upya na safari hii nikasoma ile ilani ya mwanzo ambayo hakuna mtu anayeisoma. Mtumiaji mwingine yumo ndani. Kumtoa, shikilia vitufe viwili kwa sekunde thelathini. Kila kitu kitafutika.

Kila kitu! Shindano la Voi ni Jumamosi na haliingii mtu chini ya levo 30. Mimi napanda levo saba kwa siku. Nikianza upya leo, Jumamosi asubuhi nitakuwa na 28. Hesabu haina huruma.

Nikarudi ndani nikamwambia mtambo lazima upoe kwanza kabla ya kutoa mtu. Siku tano hivi. Akasema Ijumaa mwanawe anaolewa. Nikasema nitajitahidi. Akanitazama sana, kisha akaamini, maana mtaalamu ni mimi. Akaongeza kwamba, tukisubiri huko kupoa, nimwambie yule mpumbavu aliyejificha nyuma ya pipa aache kuchezacheza na upanga.

Pipa lipi? Nikapiga mshale. Kweli alikuwepo!

Mama Jannat anaona nyuma ya kuta.

Alhamisi, 11 Septemba

Levo 33! Mama anasoma uwanja kama anavyosoma rafu zake. Ananiambia wawili darini, baba. Mmoja kisimani. Na yule mnene anayejifanya kichaka, anatia aibu, mmalize. Titus amepata habari. Alinisimamisha njiani akaniambia Sabuni hutoa povu jingi kabla ya kuisha.

Lakini mjini mambo si mazuri. Stuli bado imelala mlangoni na hakuna aliyeivuka. Mteja mmoja kutoka Kasigau alimngoja hapo Jumanne nzima na redio yake mbovu mapajani, mpaka gari la kwao likaondoka. Jana watu wakaanza kukata maneno. Wanasema Mama Jannat amesusa harusi. Wote wanajua hakumtaka bwana harusi, Harith, kwa kuwa anafanya kazi Muscat na atamchukua Jannat huko. Simu ya mama haipatikani. Jannat, nasikia, amesema mama asipotokea kesho basi asimtafute tena.

Hilo sikumfikishia mama. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza. Akasema ni kweli alimkataa Harith mara mbili. Ila Jumapili, akimpigia Jannat pasi nguo za harusi, moyo ukageuka. Amemridhia. Hajamwambia. Alitaka kumwambia Ijumaa mbele ya watu, amshike kichwa, amwombee dua. Neno moja tu, mwanangu, akasema, nami nimekuja kufungiwa nalo huku. Akauliza mtambo umepoa kiasi gani.

Nikasema asilimia sitini. (Naandika hapa nisije nikajichanganya.)

Nilipotoka, nilishika vile vitufe viwili. Kweli nilishika. Nikahesabu hadi kumi na moja. Hapo Titus akapita barabarani akapaza sauti: Sabuni! Vidole vikaachia vyenyewe.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimekwenda harusini. Jirani haalikwi, anakwenda tu. Miwani niliitia kwenye begi nikaibeba, kwa kuwa Titus anajua kwangu. Sikukumbuka kuizima.

Nikahi ilichukua dakika kumi na moja. Shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kwamba leo ameona yatima ambaye mamake yu hai. Jannat alipotolewa kwenda garini alitazama getini. Akapiga hatua mbili, akatazama tena. Mara tatu. Nilihesabu, siwezi kujizuia, mimi ni mtu wa namba.

Nilikula sahani mbili za pilau.

Nilipovaa miwani jioni, mama ameketi kwenye ngazi za ngome, kanipa mgongo. Alikuwa amesikia yote humo begini, kuanzia hutuba hadi vigelegele. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza kitu kimoja tu: Jannat alilia? Nikasema sikuona, foleni ya pilau ilielekea upande mwingine.

Ilikuwa nyama nzuri. Imekwama hapa kifuani, haishuki.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimetolewa raundi ya kwanza. Na Titus. Kwa sekunde kumi na tisa!

Nilimnong'oneza mama: wako wapi? Alikuwa ameelekea ukutani. Akajibu kwamba yeye anangoja mtambo upoe. Sekunde iliyofuata nikapigwa mshale wa shingo, kutoka nyuma ya pipa, pipa lilelile. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Titus akatangaza kwamba Sabuni imeisha, nani ana ya akiba.

Saa tisa mchana nilikuwa chumbani. Levo 41, na hazina tena faida kwa mtu. Nikashika vitufe. Thelathini ni nyingi ukizihesabu moja moja. Kisha Mama Jannat yuko pale, ameketi kitandani kwangu, ndara za bluu miguuni, anafikicha macho.

Akaanza kunishukuru. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikamwambia ukweli, kwamba mtambo haukuwa na moto wowote, kwamba ningeweza tangu Jumanne. Alikuwa akifunga mtandio, mikono ikasimama hewani. Nikangoja kofi. Nililitaka. Akamaliza kufunga, akaenda zake.

Jumapili, 14 Septemba

Asubuhi na mapema mama kaja kwangu. Jana alimwendea Jannat. Jannat alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia hata uongo umemshinda kuchagua, amekuja na hadithi ya miwani. Akafunga mlango, akafunga na namba ya simu ya mamake. Leo saa nane yeye na Harith wanapanda basi la Mombasa, saa nne usiku ndege. Kurudi ni baada ya miaka miwili.

Akasema shahidi ni mmoja tu duniani, naye ni mimi. Nije steji saa nane kasoro robo, niseme niliyomwambia jana, basi. Nikaapa. Niliapa na machozi, na yalikuwa ya kweli.

Saa saba na nusu nikawa nimefika loji ya kina Titus, iliyo njiani. Titus mlangoni. Eti Sabuni, levo sifuri, waogopa mechi moja? Nikapiga hesabu. Mechi dakika saba, kutembea hadi steji dakika tano. Jumla kumi na mbili. Zinabaki tatu kabla ya miadi, kumi na nane kabla ya basi. Nilikuwa na nafasi!

Nikashinda! Titus akadai mbili kati ya tatu. Ya pili nikapigwa. Ya tatu mtu huwezi kuiacha, nayo iliburuta dakika ishirini.

Nilifika steji saa nane na dakika tisa. Mabasi siku hizi yanaondoka kwa wakati, nani alijua. Mama Jannat alikuwa amesimama peke yake na mfuko wa leso mpya ambazo hakuna aliyezipokea. Akaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema kwenye gemu. Akauliza nani alinifungia humo.

Nilitamani ardhi ipasuke, na si kama watu wanavyosema tu.

Kisha akanishika mkono wa kushoto. Akasema Jannat haijui namba yangu mimi, kwa hiyo hajaifunga, atapokea. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji, ndipo akaniandikia namba ya Jannat kiganjani kwa kalamu ya dukani, tarakimu kumi, polepole kama anayemwandikia mtoto. Akasema nimpigie kabla ya ndege kuruka. Nikasema safari hii, wallahi.

Ni simu ya dakika nne. Simu sasa ina chaji asilimia thelathini na nane, inatosha. Ila Titus anataka marudio saa kumi na mbili jioni, na mtu hawezi kwenda bila mazoezi. Nikimmaliza haraka, saa moja nampigia Jannat. Hata saa mbili bado ni mapema. Kabla ya hapo kuna pikipiki tano zinaningoja, matope hadi kwenye taa.

Nitaosha kwa mkono wa kulia.